Mwaka Nilioifuta Simu ya Mama Awuor

Walimzika nje ya ua. Nilifika Kendu Bay saa nne asubuhi, nikatafuta kwa macho mahali udongo ulipotupwa, nikauona ng'ambo ya ua, karibu na kijia ambapo mbuzi hufungwa. Sikuhitaji kuuliza. Mimi ni Mkuria, lakini nimeishi na Wajaluo miaka ya kutosha kujua kwamba mke huzikwa kwa mume wake, na binti aliyerudi kwao bila mume hazikwi ndani ya boma la baba yake, hutafutiwa nafasi nje. Ndugu zake hawakuwa wakatili. Walinunua jeneza zuri, wakakodi hema na viti, wakachinja. Walifuata desturi tu, na desturi ilikuwa imeambiwa na wazee wa kwa mumewe kwamba dada yao hakuwa mke wa mtu. Nilikaa safu ya nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki kilichopinda mguu, nikasikiliza wakisoma habari za maisha ya marehemu. Walisoma alivyozaliwa, alivyobatizwa, alivyoimba kwaya. Walipofika mahali pa ndoa waliparuka upesi, wakaendelea na shule aliyokuwa akipika. Miaka yote ya ndoa ya Mama Awuor ikapita bila kutajwa, na pamoja nayo mwaka niliokuwamo mimi.

Nani alinizaa na nilisomea wapi nitaviacha, maana havina lawama katika jambo hili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa simu mjini Migori, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mahindi. Hata baada ya kupaka rangi mara mbili, ukiingia asubuhi ulikutana na harufu ya magunia kabla ya kukutana na mtu. Upande wa kushoto kulikuwa na kinu cha kusaga unga, na kilipowashwa meza yetu ilitetemeka, misumari midogo ya simu ikatembea yenyewe mpaka ukingoni, na umeme ukashuka kiasi kwamba taa ilionekana kuwa na homa. Mwenye duka alikuwa Marwa, mtu wa Isebania, mwenye tumbo na subira. Alikulia mpakani, akivuka kwenda Sirare, upande wa Tanzania, na kurudi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo, cha shikamoo na naomba, na wateja wa Migori walimcheka kwa upendo. Saa saba mkewe alituletea ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, na omena, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa mpaka zikawa zinavunjika. Tulikula tukiwa tumesukuma simu za watu pembeni, kila moja juu ya karatasi yenye jina la mwenyewe. Nilikuwa na furaha mle ndani. Nalisema hilo kwa aibu, kwa sababu furaha yangu ndiyo iliyomponza mtu.

Furaha yenyewe ilitokana na beta. Kampuni za simu, kabla hazijatoa mfumo mpya kwa watu wote, huutoa kwanza kwa wachache wanaokubali kuujaribu ukiwa bado na kasoro, ndiyo hiyo tuliyoiita beta. Unasajili simu, inakuonya, unakubali, inakuonya tena, unakubali tena, kisha unangoja ishuke kwa mtandao wetu wa Migori uliokuwa ukija na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Vijana wa mjini walitaka simu zao zionekane mpya kabla ya za Nairobi. Walikuja kutoka Rongo, kutoka Awendo, wakasimama mlangoni wakiuliza, "Madam fundi yuko?" Madam fundi alikuwa mimi. Msichana wa Kikuria, mkono mmoja una bisibisi, mwingine unashika simu ya bei ya ng'ombe, na wanaume wanangoja nje wakinyamaza. Ukinipa nafasi hiyo leo, pamoja na yote ninayoyajua, sina hakika kichwa hakitavimba tena.

Marwa hakupenda beta. Hakuikataza, maana iliwaleta watu, lakini aliiwekea sheria. Alisema kuipandisha beta hata mtoto anaweza, kazi ni kuishusha. Ukitaka kuiondoa kabla mfumo kamili haujatoka, lazima simu ifutwe yote, iwe tupu kama siku ilipotoka kiwandani, ndipo urudishe mfumo wa zamani. Halafu urudishe vitu vya mteja kutoka kwenye nakala uliyohifadhi kwenye kompyuta. Na hapo ndipo penye mtego: nakala iliyotengenezwa simu ikiwa tayari ina beta haikubaliwi na mfumo wa zamani. Mfumo wa zamani hauelewi habari za mpya. Kwa hiyo nakala itengenezwe kabla, halafu ifungiwe kwenye kompyuta, maana usipoifungia, siku simu hiyo itakapochomekwa tena kompyuta itaandika nakala nyingine juu yake bila kukuuliza. "Boke," alikuwa akiniambia huku akipangusa mafuta ya omena vidoleni, "nakala kwanza, kufuli pili, beta mwisho. Ukigeuza mpango, utalia wewe." Alikosea hapo tu. Aliyelia hakuwa mimi.

Sheria hiyo ilihitaji nafasi kwenye kompyuta, na kompyuta yetu haikuwa na nafasi. Ilijaa nyimbo. Kila duka la simu Migori lilikuwa likijaza watu nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu, nasi tulikuwa na mkusanyiko ambao hata maduka ya Kisii yaliusikia: benga za zamani, rumba, kwaya za Waadventista, nyimbo za Kikuria za zeze la litungu nilizozirekodi mwenyewe kwenye harusi. Nilizikusanya mimi, nikazipanga mimi, nilijua kila moja iko wapi. Kila nakala ya simu iliyofungiwa ilikula nafasi ya nyimbo mamia. Marwa akiwepo nilifungia. Akiwa Isebania kutafuta vipuri, nilitengeneza nakala ikiwa nafasi ipo, na nafasi ikikosekana nilijiambia hakuna kitakachotokea. Na kwa miezi mingi kweli hakikutokea kitu. Kosa likikusamehe mara kumi, unaanza kuliita ujuzi.

Mama Awuor alikuja siku Marwa hayupo. Alikuwa mwembamba, mrefu, amefunga kitambaa cheusi cha mjane kichwani, na alinipa simu kwa mikono miwili kana kwamba ananipa mtoto mchanga nimshike. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Simu ilikuwa ya marehemu mumewe, Ouma, aliyekuwa amezikwa kwao Rangwe miezi mitatu kabla. Alitaka kioo kipya, lakini kwanza alitaka nione kitu.

"Dada, usianze," akaniambia. "Ona hii kwanza, ndio ujue umeshika nini."

Akafungua video. Nyuma ya nyufa za kioo niliona lango la boma, na ng'ombe wakiingizwa, Ouma akimsukuma kwa nyuma mmoja aliyegoma, watu wakipiga vigelegele. Ilikuwa siku Ouma na ndugu zake walipopeleka mahari kwao Mama Awuor, Kendu Bay. Mtu mnene mwenye kofia ya kahawia alisimama mbele ya ng'ombe, akainua fimbo na kusema kwa sauti ya kanisani, "Koro en chi Ouma." Dholuo yangu ni ya sokoni, lakini hiyo niliielewa: sasa ni mke wa Ouma.

"Huyo wa kofia ni Mzee Odhiambo, shemeji yangu mkubwa," Mama Awuor akasema. "Sasa anasema ng'ombe hawakuenda. Anasema mimi nilikuja tu nikakaa. Ati come-we-stay. Anataka hiyo shamba iko karibu na barabara, mimi nitoke na mtoto."

"Na ndugu zako hawakuona ng'ombe wakifika?"

"Waliona. Lakini wazee wa huko Rangwe wanasema ndugu atasema kile dada anataka. Wanataka kusikia kutoka kwa mtu wao." Akagusa kioo kwa ncha ya kidole, pale penye kofia. "Mtu wao ndiye huyu. Hii kitu usiguse, dada. Hii ndio nyumba yangu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Neno hilo nimelisema kwa wateja mara nyingi kuliko jina langu.

Kioo nilikibadilisha vizuri, sijidharau. Lakini vioo vya kubadilisha vina matata yake, na hiki kilikuwa hakisikii kidole upande wa kulia. Ningeweza kumngoja Marwa alete kingine. Badala yake nikakumbuka nilisoma mahali kwamba beta mpya inaitibu shida hiyo hasa. Mama Awuor alikuwa nje, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula mahindi ya kuchoma na kuongea na mwenye kinu. Sikumuuliza. Nilitaka iwe zawadi. Nilitaka arudi ndani aone simu ya marehemu inang'aa kama mpya na kusema kile walichosema wote. Kompyuta iliniambia haina nafasi ya nakala, nami nikaangalia nyimbo zangu nikitafuta za kufuta, nikazipitia, kila moja nikaiona ni nzuri. Nikaiacha nakala. Nikasajili simu, ikanionya, nikakubali, ikanionya tena, nikakubali tena. Kinu kikawashwa katikati, taa zikafifia, kisha umeme ukatulia na simu ikawaka. Upande wa kulia ukasikia kidole. Mama Awuor aliingia, akaifungua, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Fundi wewe ni hatari," akasema. Nililala vizuri siku hiyo.

Alirudi baada ya wiki moja, siku ya Jumatatu. Hakuwa anacheka. Kikao cha wazee kilikuwa kimepangwa Alhamisi, na video ilikuwa imekataa kufunguka. Picha yake ndogo ilionekana, ng'ombe na lango, lakini ukiigusa kioo kilikuwa cheusi, kisha simu ikakutoa nje. Nilijua mara moja ni beta. Ndiyo maana huitwa ya majaribio, na mimi nilikuwa nimeijaribia juu ya nyumba ya mtu. Lakini video ilikuwa bado imo. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu mimi mwenyewe hulielewa upya kila nikiamka: Jumatatu asubuhi ile video ilikuwa salama kabisa ndani ya simu. Ningechomeka waya na kuinakili peke yake kwenye kompyuta, kazi ya dakika tano. Ningeizima simu na kumngoja Marwa, aliyekuwa anarudi jioni. Ningekaa tu.

Nikamwambia, "Mama, tutarudisha ile ya zamani, itafunguka. Saa mbili tu."

"Haitapotea?"

"Haitapotea."

Safari hii nilitengeneza nakala, maana niliogopa. Nilifuta rumba zangu zote nipate nafasi, na nikajiona nimetoa sadaka kubwa. Nakala ikakamilika, alama ya kijani ikatokea, na katika hofu ile sheria ya Marwa ikanitoka kichwani yote: kwamba nakala ya beta haikubaliwi na mfumo wa zamani, na kwamba nakala hufungiwa. Nikabonyeza vitufe viwili pamoja mpaka simu ikaonyesha picha ya waya. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, kwamba kila kitu kitafutwa. Nikasema nina hakika. Mstari ukatembea polepole, kinu kikinguruma, Mama Awuor ameketi kwenye kiti cha Marwa, mikono mapajani, anatazama mstari ule kana kwamba anausaidia kusukuma. Simu ikawaka, tupu, ikinisalimia kwa lugha zote za dunia. Nikaomba irudishiwe nakala. Ikakataa. Iliandika kwamba nakala hii ni ya mfumo mpya kuliko simu.

Hata hapo mambo yalikuwa hayajaharibika. Hilo ndilo linalonitesa zaidi. Ningeirudisha beta juu ya simu, nakala ingekubalika, na tungekuwa pale pale tulipokuwa asubuhi. Marwa alinieleza baadaye kwa sauti ya upole ambayo ilikuwa mbaya kuliko kofi. Lakini nilikuwa nimeshachanganyikiwa, na mjane ananitazama. Nikafikiri simu ikianza upya kama mpya, labda itakubali. Nikaianzisha. Nikaichomeka tena. Na kompyuta, kwa utii wake, ikaona simu inayoijua, ikaanza yenyewe kuandika nakala mpya. Nilipoelewa ni kitu gani kinatembea kwenye kioo, kilikuwa kimeshafika mwisho. Nakala ya simu tupu ilikuwa imeandikwa juu ya nakala ya Mama Awuor. Alama ya kijani ikatokea tena, nzuri kama ile ya kwanza.

Sijui nilisema nini. Nakumbuka Mama Awuor aliuliza mara tatu, kwa sauti ile ile, "Imerudi?" Mara ya tatu nikasema haikurudi. Hakupiga kelele. Alichukua simu, akaiangalia pande zote mbili, akaifunga ndani ya kitambaa chake cha mkononi. Kisha akaniambia, "Sawa. Lakini wewe uliona. Macho yako yaliona Odhiambo akiongea. Wewe si ndugu yangu, hata si Mjaluo, huwezi kuambiwa unanipendelea. Utakuja Alhamisi useme." Nikasema nitakuja. Jioni Marwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mfumo kamili ulikuwa umebakiza wiki chache utoke, na ungetoka ungeiondoa beta wenyewe, bila kufuta hata picha moja. Njia salama kuliko zote ya kuiondoa beta ni kungoja. Halafu akasema, "Nenda Rangwe, Boke. Sema ulichokiona na ulichokifanya. Duka ni langu, kosa la duka nitalibeba mimi." Hakuna mtu aliyewahi kunipa mlango mpana namna hiyo.

Alhamisi nilikuwa Rangwe, nyumbani kwa Mzee Odhiambo, jikoni pamoja na wanawake, nikingoja kuitwa. Jiko lilikuwa limeungana na sebule kwa ukuta ambao haukufika juu, na kila neno lilivuka. Walinipa chai ya maziwa na nyoyo, mahindi na maharagwe, kwenye sahani ya bati. Nilikula huku nasikiliza. Waliongea Dholuo kwa muda mrefu, wakachanganya Kiswahili mzee wa kijiji alipotaka jambo lieleweke vizuri, kama watu wa kwetu wanavyofanya wakitaka kuonekana serikali. Nilimsikia Mama Awuor akisema kuna shahidi. Nikamsikia Odhiambo, sauti ile ile ya video, sasa bila vigelegele.

"Kama ilikuwa kwa simu, na sasa haiko, basi kuna mtu ameifuta," akasema kwa Kiswahili, polepole, na sijui hadi leo kama alijua nipo nyuma ya ukuta. "Mwenye kufuta ushahidi ni mhalifu. Leo leo tunampeleka polisi Homa Bay. Alale ndani, atuambie alilipwa na nani."

Kijiko kilinisimama mkononi. Mwanamke aliyekuwa akimenya vitunguu aliniangalia, akainamisha macho.

Waliponiita nilisimama mlangoni, maana viti vilikuwa vimejaa. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, televisheni iliyofunikwa kitambaa kama hicho, na picha ya Ouma ukutani akiwa na joho la kuhitimu. Wazee sita. Mama Awuor aliketi kwenye stuli karibu na mlango, karibu sana nami, sketi yake ikinigusa mguu. Mzee wa kijiji alikuwa mtu mpole. Aliniita binti yangu. Aliniuliza kama mimi ndiye fundi, nikasema ndiyo. Akaniuliza simu iliharibikaje. Nikasema ililetwa ikiwa imeharibika.

"Na hiyo video ya ng'ombe," akasema, "wewe mwenyewe uliiona?"

Nimejaribu kwa miaka yote hii kujieleza vizuri hapa, na kila nikijaribu naona najitetea. Niliogopa polisi. Niliogopa seli, niliogopa mama yangu kusikia. Ukweli wote ni huo, hauna kingine chini yake.

"Hapana," nikasema. "Sikuiona."

Mama Awuor aligeuza kichwa akanitazama. Nilitegemea aniite mwongo, na kama angesema hivyo, nafikiri ningevunjika na kuyatoa yote. Hakusema. Aliniangalia kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu, kisha akageukia wazee na kuwaambia, "Basi. Ameshasema." Odhiambo aliomba chai iongezwe.

Mama Awuor alinisindikiza mpaka barabarani. Huko kwetu huwezi kumwacha mgeni aende peke yake, hata mgeni wa namna yangu. Tulipita kando ya lile shamba lililokuwa likigombewa. Lilikuwa na mtama umefika magotini, na msichana mdogo wa miaka minne hivi, Awuor, alikuwa anafukuza ndege kwa kopo lenye mawe. Nilitaka kusema samahani, nikatazama barabara. Gari lilipotokea kwa mbali, Mama Awuor aliniuliza, "Umekula lakini?" Nikasema nimekula. Akasema, "Basi vizuri." Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoongea duniani.

Alihama Rangwe kabla mtama haujavunwa. Nilisikia yuko Kendu Bay, kaka yake kampa chumba, anapika shuleni. Mfumo kamili ulitoka wiki tatu baada ya kikao, kimya kimya, na simu zote nilizoziwekea beta mwaka ule zikajisahihisha zenyewe bila kupoteza hata wimbo. Niliacha kazi kwa Marwa mwaka ulipokwisha. Sikumweleza nilichosema Rangwe, na hakuniuliza. Alininunulia kitambaa cha nguo na kunitakia heri, jambo lililonifanya nijue kwamba amejua. Siku hizi nafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Homa Bay. Somo la kwanza la kila muhula huwa hilo hilo: nakili, fungia, ndipo ujaribu, na ukishakosea, toa mkono, kaa, ngoja. Wanafunzi hunicheka. Wananiita Madam Kufuli. Wanadhani nafundisha habari za simu, na mimi nawaacha wadhani hivyo. Majuto ni mjukuu, watu husema, huja baadaye. Wa kwangu amekuja akakaa, amekuwa mtu mzima ndani ya nyumba yangu, na hana mpango wa kuondoka.

Aliyenipigia simu kunijulisha msiba alikuwa Awuor. Alipata namba yangu kwenye simu ya mama yake na akawa anawapigia wote mmoja mmoja, nadhani bila kujua nusu yao ni nani. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakila wali na nyama chini ya hema, alikuja akavuta kiti karibu nami. Ni msichana mkubwa sasa, mrefu kama mama yake, macho yamevimba kwa kulia. Alinishukuru kwa kufika kutoka mbali. Nikamwambia Homa Bay si mbali.

"Auntie, wewe ndio yule fundi wa Migori?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mama alikuwa anasema kulikuwa na video ya baba akipeleka ng'ombe. Sisi kwa nyumba tulikuwa tunafikiria ni kujifariji tu. Uncle zangu waliona ng'ombe, lakini video hapana, hata walimwambia aache hiyo story." Akatazama upande wa kaburi, ambako vijana walikuwa bado wanapiga udongo kwa mgongo wa koleo ukae sawa. "Ilikuwako kweli?"

Ningeweza kusema hapana tena. Nataka mjue kwamba neno lilikuja, likafika kinywani, jepesi kama mara ya kwanza. Lakini nilisema ilikuwako. Nikamwambia niliiona kwa macho yangu. Nikamweleza baba yake alivyokuwa akimsukuma mtamba mmoja aliyegoma langoni, ameshika mkia, viatu vizuri vimejaa matope, anacheka na kumwita anayerekodi aje asaidie badala ya kusimama na simu. Awuor aliweka mkono mdomoni. Hakuwa na kumbukumbu ya baba yake akicheka, alisema, alikuwa mdogo mno. Akaniuliza shati lilikuwa la rangi gani, nikamwambia. Ndipo nikamwambia na mengine: nilivyoifuta, na nilichojibu pale mlangoni Rangwe, mama yake akiwa ameketi miguuni pangu. Nilimwambia yote bila kusimama, kwa sababu nilijua nikisimama sitaanza tena.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anitukane, au aite wajomba zake. Hakufanya hivyo. Aliongea taratibu, akitazama mikono yake, kama anayeuliza njia ya mahali ambapo hataenda tena.

"Si ungesema tu, auntie," akaniambia. "Si ungesema tu."